Paini Isiyoliwa Wala Kujipinda: Mwongozo wa Kutia Dawa na Kukausha Mbao Uani Kwako

Maswali ni yaleyale, yanabadilika maneno tu. "Fundi, mlango wangu wa paini umejipinda na mwaka haujaisha." "Kenchi zinamwaga unga mweupe sebuleni, nifanyeje?" "Nikipaka oili chafu si inatosha?" Nimejibu kwa mdomo hadi nimeona niandike mara moja, hatua kwa hatua, ili anayeanza awe na kitu cha kushika mkononi.

Nazungumzia paini kwa sababu ndiyo mbao tuliyonayo. Mninga, mkongo na mvule ni mbao zinazojilinda zenyewe, lakini bei yake imewakimbia wengi. Nyumba nyingi zinazoezekwa Tanzania leo zinabeba mbao za Mufindi, kutoka shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu yanayolizunguka. Watu huzidharau mbao hizi na mimi naona wanazionea. Paini hunywa dawa vizuri kuliko mti wowote mgumu unaoujua, na hukauka upesi. Inachokosa ni mtu wa kuisubiri. Inakatwa Jumatatu, inapakiwa lori Jumatano, Jumamosi iko juu ya paa ikiwa bado inatoa maji kwenye misumari.

Jambo moja ulikamate kabla hatujaanza, maana wengi hulifanya kinyume: dawa ninayokufundisha hapa hutiwa mbao ikiwa mbichi, ndipo ukaushaji ufuate. Wengi hununua mbao, huzikausha, kisha hupaka dawa kwa brashi. Dawa inaishia milimita mbili tatu juu ya uso, na mdudu akipata ufa mmoja ameshapita.

Nadharia kidogo, basi

Ubao mbichi una maji ya namna mbili: yale yaliyojaa kwenye vitundu vya mti, na yale yaliyojifunga ndani ya kuta za nyuzi zake. Ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa ubao mkavu ndipo maji ya kwenye kuta huanza kutoka, na hapo ubao husinyaa. Husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mzingo wa pete za mti, zile duara zionekanazo gogo likikatwa, kuliko kutoka kiini kwenda ganda, na tofauti hiyo ndiyo inayoupinda. Ubao wa paini wenye upana wa sentimita 20, ukitoka mbichi hadi asilimia 12, unaweza kupoteza karibu milimita 8 za upana. Piga picha milimita hizo kwenye paneli ya mlango uliokwisha gundishwa.

Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu wa asilimia 20 kwenda juu. Mbao iliyokauka na kubaki kavu haiozi. Mchwa na vidudu vitoboavyo hawasubiri unyevu huo, na kwa ajili yao ndiyo tunatia chumvi za boroni, yaani boraksi na asidi ya boriki. Chumvi hizi huyeyuka majini, na zikikuta ubao wenye maji ndani husafiri zenyewe hadi katikati. Ubao mkavu umezifungia njia.

Usianze kama mbao zako ni za kufukiwa au kunyeshewa

Boroni iliyoingia kwa maji hutoka kwa maji. Njia hii ni ya mbao zitakazokaa chini ya paa: kenchi, papi (mbao za kupigilia bati), dari, fremu, milango ya ndani, makabati, vitanda, makochi. Mlango wa nje na dirisha vinawezekana ukivipaka rangi sawasawa na kuitunza. Lakini nguzo ya kufukia ardhini, daraja la mtaro, zizi la ng'ombe linalonyeshewa, hapana. Huko nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani kwa mtungi wa presha, zile za rangi ya kijani, au inua nguzo yako juu ya kitako cha zege isiguse udongo.

Na ukinunua hizo za kijani, vipande vinavyobaki usivipeleke jikoni. Nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu zaidi.

Vitu vya kuandaa

- Mbao za paini zilizopasuliwa karibuni, ndani ya siku chache. Uliza kiwandani siku gogo lilipopasuliwa, usiulize siku lilipofika dukani.
- Boraksi na asidi ya boriki, kutoka duka la kemikali. Ukikosa, tafuta kwenye duka la pembejeo mbolea ya boroni ya kunyunyizia majani iliyoandikwa asilimia 20.5 ya boroni. Hiyo ni chumvi ya jamii hiyohiyo, na inatumika peke yake bila kuchanganya.
- Nailoni nzito nyeusi au turubai lisilovuja, vipande viwili: cha kulaza kwenye hodhi na cha kufungia mbao.
- Matofali au mbao chakavu za kujengea kuta za hodhi.
- Pipa la chuma la kupashia maji, ndoo ya lita 20, mti wa kukorogea.
- Mizani miwili: wa kilo kwa dawa, na ule mdogo wa jikoni unaosoma gramu.
- Glavu za mpira, miwani, barakoa ya vumbi.
- Vijiti vya kutenganisha, vya mbao KAVU, unene wa sentimita 2.5, vyote sawa. Hivi usivipunguze idadi. Ubao mmoja wa futi 12 unahitaji saba.
- Rangi ya mafuta iliyobaki au nta ya mishumaa, ya kuziba vichwa vya mbao.
- Mawe au matofali ya zege ya kukandamizia.

Usitumie sufuria, ndoo wala mizani ambayo itarudi jikoni. Boroni si sumu kali kama dawa za zamani, lakini kuimeza au kuishika bila glavu mwezi hadi mwezi si salama, na hasa kwa mama mjamzito. Kuku na mbuzi wasifike kwenye hodhi.

Hatua ya 1: Chagua mbao kwa kuangalia vichwa

Kabla ya kulipa, inama uangalie pete kwenye kichwa cha kila ubao. Ubao unaoonyesha moyo wa mti, kile kidoa cha katikati pete zinapoanzia, uache. Huo utajinyonga hata ukiukandamiza kwa jiwe la kusagia. Ubao ambao pete zake zimesimama wima kutoka uso mmoja hadi mwingine ndio mtulivu kuliko yote, chukua huo kwa fremu na milango. Wenye pete zilizolala kama tabasamu utafaa kwa dari na mbao za kufichwa.

Angalia pia upana wa pete. Pete pana sana, nafasi ya kidole kati yake, ni mti uliokua haraka na kukatwa mchanga. Mbao ya mti mchanga husinyaa hata kwa urefu, jambo ambalo mbao ya kawaida hulifanya kidogo mno, na ndiyo maana inakunja kama upinde.

Hatua ya 2: Kata vipimo sasa

Kata urefu unaotaka, ukiongeza sentimita 5, na upasue upana unaotaka, ukiongeza milimita 8 hadi 10 za kusinyaa na kupiga randa. Toboa matundu makubwa kama yapo. Kila utakachokata baada ya kutia dawa kinaweza kufungua njia hadi katikati ya ubao ambako dawa ni haba.

Ondoa maganda yote. Vidudu vingi huingia kwenye mbao kwa kuanzia chini ya ganda.

Hatua ya 3: Jenga hodhi

Kwa mbao za futi 12, jenga mstatili wa matofali wenye urefu wa mita 4, upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 35 kwa ndani. Weka mchanga laini chini usitoboe nailoni. Laza nailoni kwa mikunjo, isivutwe kwenye pembe. Hodhi liwe kivulini na chini ya paa, maana mvua moja ya usiku itazimua dawa yote.

Panga mbao ndani kwa matabaka, ukiweka vipande vyembamba vya sentimita moja kati ya tabaka na tabaka. Ubao ulioshikana na mwenzake hauingizi dawa pale walipogusana.

Hatua ya 4: Pima maji kabla ya kununua dawa

Hapa wengi hupoteza fedha. Mbao zikiwa zimeshapangwa na kuwekewa mawe juu zisielee, mimina maji matupu kwa ndoo, ukihesabu, hadi yazifunike kwa vidole vitatu. Idadi hiyo ndiyo kipimo chako. Mbao 14 za inchi 1 kwa 8 kwenye hodhi nililolitaja huchukua lita 250 hivi. Yatoe maji yale, zitoe mbao, na sasa nenda dukani ukijua unachonunua.

Hatua ya 5: Changanya dawa

Kwa mbao za inchi 1: kwa kila lita 9 za maji, gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki. Kwa maji lita 225 hiyo ni kilo 15 na kilo 10.

Kwa mbao za inchi 2, kama 2 kwa 4 na 2 kwa 6 za kenchi: kwa kila lita 8.5 za maji, gramu 900 na gramu 600.

Ukitumia mbolea ya boroni ya asilimia 20.5, palipo kilo 10 za mchanganyiko weka kilo 7.

Usibadilishe uwiano huu wa sita kwa nne. Boraksi peke yake haiyeyuki vizuri kwenye maji ya baridi, na asidi ya boriki peke yake vilevile. Zikikutana kwa uwiano huo huungana na kuwa chumvi nyingine inayoyeyuka kirahisi kuliko mama zake wote wawili.

Pasha robo ya maji kwenye pipa hadi yawe moto wa kutoshikika kwa mkono, hayana haja ya kuchemka. Vaa glavu, miwani na barakoa. Mimina dawa kidogo kidogo huku ukikoroga hadi maji yawe angavu tena. Ukiona unga umetulia chini, bado. Kisha mimina kwenye hodhi pamoja na maji yaliyobaki na ukoroge.

Hatua ya 6: Loweka

Rudisha mbao, vipande vyembamba kati yake, mawe juu. Inchi 1 zikae siku 7. Inchi 2 zikae siku 14. Kila asubuhi sukasuka maji kwa mti, na ukiona yameshuka ongeza dawa ya kipimo kilekile. Funika hodhi.

Kosa ninaloliona hapa ni la haraka: siku mbili, mbao zinatolewa, "zimeshakunywa." Paini mbichi tayari imejaa maji, hainywi kama sponji. Dawa inaingia polepole kwa kusafiri ndani ya maji yaliyomo, na safari hiyo haina njia ya mkato.

Hatua ya 7: Funga

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayotofautisha mbao iliyopakwa na mbao iliyotiwa dawa. Toa mbao, ziache zichuruzike saa moja juu ya hodhi, kisha zipange zikiwa zimebanana BILA vijiti kati yake, na uzifunge nailoni pande zote kama mzigo. Weka kivulini. Inchi 1 wiki 4, inchi 2 wiki 8.

Ndani ya kifungo hicho ubao haukauki, kwa hiyo chumvi iliyo kwenye nyama ya juu inaendelea kusafiri kwenda katikati. Ukiuacha wazi, uso unakauka, mlango unajifunga, na katikati inabaki bila kitu.

Hatua ya 8: Jaribu kwa manjano

Usiamini macho. Boroni haina rangi. Katika kila fungu tenga ubao mmoja wa kujaribia. Ukate katikati ya urefu wake, si karibu na kichwa, kwa sababu vichwa hunywa dawa kuliko sehemu nyingine na vitakudanganya. Kausha kipande hicho vizuri.

Kwenye chupa, loweka gramu 10 za unga wa manjano, kile kiungo cha jikoni, ndani ya mililita 90 za spiriti, tikisa, chuja kwa kitambaa. Hiyo ni maji ya kwanza. Maji ya pili ni mililita 80 za spiriti, mililita 20 za asidi ya hidrokloriki, na asidi ya salisiliki ya kutosha hadi isiyeyuke tena. Haya ya pili mwombe mwalimu wa kemia au mtu wa maabara akuchanganyie, usiichezee asidi nyumbani.

Paka maji ya kwanza kwenye uso uliokatwa, subiri yakauke, paka ya pili. Baada ya dakika chache palipo na boroni patageuka pekundu, na pasipo na boroni patabaki njano. Unataka wekundu uvuke hadi katikati. Ukiona kisiwa cha njano katikati, rudisha mbao kwenye nailoni wiki 2 nyingine, ujaribu tena. Nakuomba sana uifanye hatua hii walau kwa fungu la kwanza. Utajifunza zaidi kwa kipande hicho kimoja kuliko kwa maneno yangu yote.

Hatua ya 9: Ziba vichwa, kisha panga za kukauka

Maji hutoka kwenye kichwa cha ubao kwa kasi kubwa kuliko ubavuni. Ndiyo maana mbao hupasuka vichwani. Siku hiyohiyo unapofungua nailoni, paka vichwa rangi nzito ya mafuta mara mbili, au vichovye kwenye nta iliyoyeyushwa.

Sasa upangaji. Weka misingi ya matofali yenye kimo cha sentimita 40, juu yake boriti zilizonyooka. Chungulia kwa jicho moja kutoka mwisho: zote ziwe kwenye mstari mmoja. Rundo huchukua umbo la msingi wake, na msingi uliopinda utazalisha mbao 40 zilizopinda namna moja.

Panga tabaka la kwanza ukiacha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao. Weka vijiti kila baada ya sentimita 60, kwa mbao nyembamba kila sentimita 45, na viwili viwe mwisho kabisa wa vichwa. Tabaka la pili, vijiti vyake vikae juu kabisa ya vile vya chini, wima kama nguzo. Kijiti kilichohama sentimita kumi kinageuka mkono wa kupinda ubao. Endelea hadi kimo cha kiuno au kifua, kisha weka mawe juu, sawasawa upande wote. Mbao za juu zisizo na mzigo ndizo zinazojikunja kwanza.

Paa liwe juu ya rundo na litokeze nje, lakini pembeni pawe wazi upepo upite. Jua la moja kwa moja ni adui: linakausha uso mmoja, uso mwingine unabaki na maji, ubao unageuka kuwa bakuli.

Hatua ya 10: Subiri, na upime

Paini ya inchi 1 wakati wa kiangazi huchukua wiki 4 hadi 8. Ya inchi 2 huchukua miezi 3 au zaidi. Wakati wa masika, au kwenye ukungu wa Mufindi, ongeza. Kama huna kipimo cha unyevu cha umeme, mizani ya jikoni inatosha na kwa kweli haidanganyi:

Kata kipande cha sentimita 3 kutoka ndani ya ubao, walau sentimita 40 kutoka kichwani. Pima papo hapo. Tuseme gramu 138. Kitie kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi, pima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito usishuke tena. Tuseme gramu 120. Toa: 138 kuondoa 120 ni 18. Gawa kwa uzito mkavu: 18 kwa 120 ni asilimia 15.

Lengo linategemea mbao inakokwenda. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama Tanga au Unguja kwa miezi mingi, hutuliza mbao karibu na asilimia 16. Hewa ya asilimia 65 huituliza karibu na 12, na ya asilimia 50 karibu na 9. Nilipoanza kazi niliweka milango sita kwenye nyumba moja Dodoma kwa mbao nilizozipokea siku tatu kabla. Kiangazi kilipokaza, paneli ziliachia fremu na mwanga ukapita katikati ya mlango wa chumba cha wazee. Nilizitengeneza upya zote kwa fedha yangu. Tangu hapo, mbao inayokwenda bara kavu naiweka wiki 2 au 3 ndani ya nyumba yenyewe, imepangwa kwa vijiti, kabla sijaitia patasi.

Hatua ya 11: Randa kidogo, gundi kwa tahadhari

Piga randa nyepesi tu, milimita moja au mbili kila upande. Uso wa juu ndio wenye dawa nyingi. Vaa barakoa unapopiga msasa.

Gundi nyeupe ya mbao ikikutana na boraksi huganda kama ute kabla haijashika. Pale pa kuungia, piga randa, futa kwa kitambaa chenye maji, acha pakauke, na ujaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza. Misumari haina tatizo, chumvi hii haiiozeshi.

Kila ulipokata upya, paka dawa ileile ya moto kwa brashi mara tatu.

Hatua ya 12: Funga milango ya maji

Paka pande zote sita za ubao: uso, mgongo, mbavu mbili, vichwa viwili. Fundi wengi hupaka uso unaoonekana na kuacha mgongo wa fremu unaoelekea ukutani. Maji ya ukuta huingilia hapohapo, upande mmoja unavimba, mwingine umezibwa, fremu inapinda. Chini ya mlango ndiko kunakosahaulika kuliko kote. Upake kabla hujautundika.

Kwa nje, rangi ya mafuta juu ya praima inashinda vanishi angavu, kwa sababu jua hupenya vanishi na kuchoma mbao chini yake. Kwa ndani, mafuta ya mbegu za kitani yanapendeza, lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo yanaweza kuwaka moto yenyewe yakirundikwa. Yatandaze nje yakauke au yatumbukize kwenye maji.

Maswali na matatizo

*Chumvi imeganda chini ya hodhi asubuhi.* Usiku ulikuwa wa baridi. Mafinga na Njombe hilo ni la kawaida. Chota maji, yapashe, rudisha, koroga. Fanya kazi ya kipimo kikali, kile cha inchi 2, miezi ya joto.

*Ukungu wa kijani au mweusi juu ya mbao nilipofungua nailoni.* Boroni inazuia kuvu waozeshao, lakini haizuii sana ukungu wa juu. Futa kwa brashi, panga kwenye upepo, utatoka kwa randa.

*Madoa ya buluu yamo hadi ndani.* Gogo lilikaa muda mrefu kabla ya kupasuliwa. Nguvu ya mbao haijapungua kwa maana, itumie palipojificha. Mara nyingine nunua mapema.

*Unga mweupe kama chumvi juu ya mbao iliyokauka.* Ni dawa iliyobaki juu. Futa kwa kitambaa chenye maji kabla ya rangi, la sivyo rangi itabanduka.

*Mbao zangu ni kavu tayari, nifanyeje?* Paini kavu hunywa maji, kwa hiyo loweka vilevile siku 7 hadi 14 hadi ilowe kabisa, funga, kisha kausha upya. Kazi mara mbili, lakini inawezekana. Kenchi zilizo juu ya paa haziwezi kulowekwa. Zipulizie dawa ya moto mara tatu, ukiacha siku moja kati, na kagua kila mwaka.

*Oili chafu je?* Oili chafu ya gari imebeba metali na masizi ya injini yanayodhuru ngozi, mapafu na udongo. Na juu ya mbao mbichi haiingii, inafungia maji ndani, ukaoza kimyakimya chini ya weusi. Usiipake kwenye nyumba wanamolala watu.

*Mabaharia wetu si walipaka sifa (mafuta ya papa) na shahamu (mafuta ya mnyama)?* Walipaka, na walijua kazi yao. Lakini walipaka upya kila mara, juu ya mbao teule, na chombo kilipandishwa pwani kikakaguliwa. Mafuta bila matunzo hayo hayakupi usalama wao.

*Kuchoma uso wa mbao kama Wajapani?* Wanachoma mbao za ukutani, na zinadumu kwa sababu ukuta unachuruza maji na kukauka. Kuchoma mguu wa nguzo na kuufukia hakumzuii mchwa. Hupita kwenye nyufa za mkaa.

*Nimesikia Finlandi wanaoka mbao, na Uholanzi kuna mbao isiyovimba.* Kweli. Wafini hupasha mbao nyuzi joto 160 hadi zaidi ya 200 ndani ya mvuke usio na hewa. Mjini Arnhem, Uholanzi, tangu 2007, kiwanda hubadili kemia ya ukuta wa nyuzi zenyewe kwa kitu cha jamii ya siki. Zote mbili zinahitaji mtambo uliofungwa. Ukijaribu kwenye tanuri la mkate utapata mkaa, na pengine moto.

*Maji ya dawa yaliyobaki niyamwage wapi?* Usiyamwage shambani wala mtaroni. Boroni kidogo ni mbolea, boroni nyingi inaua mimea. Yaweke kwenye mapipa yenye vifuniko, yaandike DAWA YA MBAO kwa herufi kubwa, na uyatumie kwa fungu linalofuata, ukiyaongezea dawa ya kipimo kikali kile cha inchi 2. Yakishachafuka na huna kazi tena, yaache yakauke ndani ya hodhi lililofunikwa juu kwa bati, ufagie chumvi uihifadhi kavu.

*Ubao mmoja umejinyonga kwenye rundo licha ya mawe.* Angalia kichwa chake. Mara nyingi utauona moyo wa mti umejificha pembeni. Ukate vipande vifupi, utengenezee vijiti vya rundo lijalo.